Kwa Treni ya Mtumba Hadi Yudanaka

Treni ya kasi ya Shinkansen kutoka Tokyo huingia Nagano baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi, na abiria wengi hutoka stesheni mbio mbio: huyu anawahi hekalu la Zenkoji, yule anatafuta basi la kumpeleka milimani. Safari yangu mimi ilianzia chini ya miguu yao. Ukitoka kwenye stesheni kubwa utaona ngazi zinazoteremka ardhini, na huko chini ndiko iliko stesheni ya Nagano Dentetsu, kampuni ambayo wenyeji huiita Nagaden. Njia iliyobaki mikononi mwake ni moja tu: kilomita 33.2, vituo 24, kutoka mjini Nagano hadi Yudanaka, kwenye malango ya vijiji vya chemchemi za maji moto.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, msimu wa matufaha. Nilipokewa na mdogo wangu, binti wa shangazi, anayesoma uhandisi mjini humo na ambaye sasa anaongea Kijapani bila kusitasita. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu, na ndiye aliyenifumbua macho kuhusu kile nilichokuwa nakwenda kukiona.

"Kaka, humu karibu treni zote ni mtumba," aliniambia tukiwa kwenye mashine ya tiketi. "Zimefanya kazi Tokyo, zikastaafishwa, zikaletwa huku. Lakini subiri uzione."

Treni tuliyoipanda, ya mwendo wa haraka, inaitwa Yukemuri. Aina hii ilianza kutumiwa na kampuni ya Odakyu mwaka 1987 kwenye njia ya kutoka Shinjuku, katikati ya Tokyo, hadi Hakone, nako ni mahali pa chemchemi za maji moto. Ilikuwa fahari ya kampuni ile: sakafu iliyoinuliwa ili abiria waone mbali, madirisha mapana, na sehemu ya mbele kabisa imeachiwa abiria. Uzuri huo huo ndio ulioiponza. Mwaka 2000 Japani ilipitisha sheria ya kuvifanya vyombo vya usafiri viwafae wazee na watu wenye ulemavu, na treni yenye vidato mlangoni ilikuwa vigumu kuirekebisha. Ikaanza kuondolewa kazini mapema, wakati ndugu zake waliotangulia kuzaliwa bado wanatumika. Nagaden ilichukua treni mbili, ikapunguza kila moja kutoka mabehewa 11 hadi manne, na mwezi Desemba 2006 zikaanza kupanda milima ya Nagano.

Tulikaa viti vya mbele kabisa, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye treni yoyote. Dereva alikuja akiwa amevaa glavu nyeupe na kofia, akasimama katikati yetu sisi abiria, akainua mkono na kuvuta ngazi nyembamba ya chuma iliyokuwa imekunjwa darini. Akaipanda, akapenya kwenye tundu, kisha ngazi ikarudi juu na dari ikafunga. Chumba chake kiko juu ya vichwa vya abiria. Mbele yetu hapakubaki mtu wala mtambo wowote, ila kioo kikubwa na njia ya reli inayoingia gizani.

Kando yetu alikaa mzee mmoja mwenye kamera shingoni. Mdogo wangu alimsalimu kwa adabu zote za kule, akainamisha kichwa, na mzee akafurahi kusikia lugha yake ikitamkwa hivyo. Alitueleza kwamba ametoka Tokyo asubuhi ile. Zamani alikuwa akimpeleka mama yake Hakone, na treni waliyopanda ilikuwa ya aina hii hii, labda hata behewa hili hili. Mama ameshafariki. Kila mwaka yeye huja Nagano, hukaa mbele, huenda hadi Yudanaka, huoga, kisha hurudi. Alipapasa mkono wa kiti alipokuwa akisema hayo, nami nikatazama: kitambaa kilikuwa kimepauka kidogo, lakini hapakuwa na mshono uliofumuka wala skrubu iliyolegea.

Kwetu Afrika Mashariki mtumba wa Japani tunaujua vizuri. Barabara za Dar es Salaam na Mombasa zimejaa Hiace na Noah zilizoanza maisha Osaka au Yokohama, nyingine zikiwa bado na maandishi ya Kijapani ubavuni. Tumezoea kudhani kwamba Japani yenyewe hutumia vipya tu na kutuletea sisi vilivyochoka. Reli ya Nagaden inaonyesha vinginevyo. Ndani ya Japani yenyewe, mji mkubwa unapomaliza kutumia treni, wako watu wa mikoani wanaozisubiri, nao huzitumia kwa miaka mingine mingi.

Vituo vinne vya kwanza viko chini ya ardhi. Zamani reli ilikatiza mjini juu ya ardhi, na magari yalisimama foleni kwenye vivuko vyake; mwaka 1981 sehemu hiyo ikazamishwa. Zenkojishita, kituo cha nne, ndicho kilicho karibu na hekalu la Zenkoji, ambalo jumba lake kuu la sasa lilimalizika kujengwa mwaka 1707. Baada ya hapo treni ikatoka nje ghafla kwenye jua, katikati ya nyumba za watu, nguo zimeanikwa varandani na baiskeli za wanafunzi zimepangwa kwenye vituo. Hadi kituo cha Asahi njia ni mbili. Kutoka hapo ni njia moja, na treni zinasubiriana vituoni ili zipishane.

Kisha ukaja mto Chikuma. Daraja la Murayama hubeba reli na barabara pamoja, hivyo kwa muda mfupi treni yetu ilikwenda sambamba na malori na pikipiki. Mto huu ukivuka mpaka wa mkoa hubadili jina na kuitwa Shinano, nao ndio mrefu kuliko yote Japani, kilomita 367. Siku ile maji yalikuwa machache na matulivu, lakini Oktoba 2019 tufani iliyopewa jina la Hagibis iliufanya uvunje kingo zake kaskazini mwa mji. Ulifurika hadi kwenye karakana ya Shinkansen na kuzamisha treni kumi, mabehewa 120 ya kisasa kabisa, na yote yakaishia kukatwa kuwa vyuma chakavu. Mzee wa kamera alituonyesha upande ilipo karakana ile, akatikisa kichwa, asiseme zaidi.

Suzaka ndiyo moyo wa Nagaden. Hapo ndipo ilipo karakana yake, na treni ikipunguza mwendo unaona historia yote imeegeshwa. Nilizitambua treni zilizokuwa za kampuni ya Tokyu, zenye mwili wa chuma kisichoshika kutu. Wenzao kadhaa walivushwa bahari hadi Jakarta, Indonesia. Niliona pia zile zilizofika kuanzia mwaka 2020, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zikipita chini ya jiji la Tokyo kwenye njia ya Hibiya. Hizi zilikuja kuchukua nafasi ya treni nyingine za njia hiyo hiyo ya Hibiya, zilizoundwa kuanzia mwaka 1961, zikahamia Nagano miaka ya 1990 na kutumika hadi Januari 2023. Mabehewa mawili ya mwanzo kabisa kati ya hizo za kale yalirudishwa Tokyo mwaka 2007, yakafanyiwa ukarabati na kuhifadhiwa. Mji mkubwa uliokuwa umeyatoa ulikuja kuyaomba tena, na uliyakuta mazima kwa sababu watu wa Suzaka walikuwa wameyatunza.

Mdogo wangu aliwahi kupelekwa na chuo chake kuitembelea karakana. Alinieleza kazi ya kugonga boliti kwa nyundo ndogo na kusikiliza mlio. "Boliti iliyokaza ina sauti yake, kaka, na iliyolegea ina yake. Mafundi wanajua kwa sikio." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Suzaka nyufa huzibwa zikiwa bado hazionekani kwa macho.

Lakini Suzaka ina kumbukumbu ya uchungu pia. Kutoka hapa ilikuwepo njia nyingine ya kilomita 24.4 kwenda Yashiro. Sehemu hiyo ilifunguliwa mwaka 1922, nayo ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko zote katika mtandao wa Nagaden. Abiria walipungua mwaka hadi mwaka: watu walinunua magari na watoto wakawa wachache vijijini. Ikafungwa mwaka 2012, baada ya kufanya kazi kwa miaka 90. Kabla yake, mwaka 2002, ilifungwa njia ya kwenda Kijima, karibu kilomita 13. Anayeitazama Yukemuri ikimeremeta asisahau kwamba zaidi ya nusu ya reli za kampuni hii zimeng'olewa au zimeachwa ziote majani. Hii moja imebaki kwa sababu ina abiria wa aina mbili: wenyeji wanaokwenda shule na kazini, na wageni wanaokwenda kuoga.

Tulishuka Obuse, mji mdogo wa njugu za miti ya chestnati, kwa kuwa siwezi kupita mahali alipofanya kazi Hokusai nisisimame. Mchoraji huyo, ambaye wimbi lake kubwa linajulikana dunia nzima, alifika hapa akiwa na zaidi ya miaka 80 kwa mwaliko wa Takai Kozan, tajiri wa mji aliyependa sanaa. Katika hekalu la Ganshoin alichora feniksi anayejaza dari nzima. Tulitembea kati ya mashamba ya matufaha hadi huko, tukaketi na kuinua nyuso. Jicho la ndege lilikuwa likitutazama kila tulikosogea, na rangi zake nyekundu na kijani bado ni kali. Mtu wa umri ule, katika zama ambazo safari ilikuwa ya miguu na milima, alikubali kuja mbali namna hii kufanya kazi kubwa. Nilipofikiria hayo nilihisi heshima ambayo picha za kwenye vitabu hazikuwahi kunipa.

Treni iliyofuata ilikuwa mtumba mwingine, huu wa uwanja wa ndege. Treni hizi ziliwabeba wasafiri kati ya Tokyo na Narita kuanzia mwaka 1991, na tangu mwaka 2011 zinafanya kazi hapa zikiwa na mabehewa matatu matatu. Ndani kuna hata chumba cha faragha cha watu wanne. Baada ya Obuse upande wa kushoto ulifunguka, na vilele vitano vya kaskazini vikajipanga: Madarao, Myoko, Kurohime, Togakushi na Iizuna. Chini yake matufaha yalikuwa yameiva hadi matawi yameegemezwa kwa miti, na wakulima wametandika karatasi za rangi ya fedha ardhini ili jua lirudi juu na kuyawivisha upande wa chini.

Mwinuko wenyewe huanza baada ya kituo cha Shinshu-Nakano. Kutoka hapo njia hupanda hadi mita 40 kwa kila mita 1,000, mwinuko mkali kwa treni inayoshika reli kwa msuguano wa magurudumu tu. Ndiyo maana zile treni za Tokyu huishia Nakano. Breki zake hazikuundwa kwa mteremko wa namna hii. Treni yetu ilipunguza mwendo, sauti ya mota ikawa nzito, na kwenye kona niliona mabehewa yakijikunja kati ya mizabibu na nyumba za mbao. Sehemu hii ilifunguliwa mwaka 1927, na nyuma yake kulikuwa na mtu mwenye maono, Kozu Tohei, mwanzilishi wa kampuni. Aliona kwamba reli ikifika kwenye maji moto na nyanda za theluji zilizo juu yake, watu wa mijini watakuja. Nyanda hizo akazipa jina la kijiji chake alikozaliwa, Shiga. Ndizo Shiga Kogen za leo, zilizokuwa miongoni mwa viwanja vya Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1998.

Yudanaka, mwisho wa reli, iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Hapo mteremko uliendelea hadi kwenye stesheni yenyewe, na kwa miaka mingi treni ndefu zililazimika kulipita jukwaa, kuvuka barabara iliyo mbele, kisha kurudi kinyumenyume ili zisimame mahali pa tambarare. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2006, zilipokuwa zinatayarishwa njia za kuipokea Yukemuri. Jengo la stesheni la zamani bado lipo, na ubavuni pake kuna bafu la umma na kidimbwi cha kuchovya miguu. Tulikuta akina mama watatu wamekaa, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakizungumza huku mvuke ukipanda kati yao.

Maji haya ni zawadi ya volkano. Mvua na theluji za milimani hupenya ardhini, hupashwa joto huko chini, kisha hurudi juu yakiwa yamebeba chumvi na madini ya miamba. Katika kijiji cha Shibu, mwendo mfupi kutoka Yudanaka, yanatoka yakiwa moto kupita kiasi. Barabara yake kuu ni nyembamba, imetandikwa mawe, na nyumba za wageni zimeinamiana pande zote mbili. Moja kati yake, Kanaguya, ina jengo la mbao la ghorofa nne lililokamilika mwaka 1936, na jioni taa zikiwashwa wapita njia wote husimama kulitazama. Wageni hutembea wamevaa yukata, vazi jepesi la pamba, na miguuni wana geta, viatu vya mbao ambavyo mlio wake kwenye mawe ulinikumbusha mitalawanda ya bibi zetu wa pwani.

Shibu ina mabafu tisa ya kijiji. Ni mali ya wanakijiji, wao ndio wanaoyasafisha, na mgeni hawezi kuingia yote isipokuwa amelala kijijini. Mama mwenye nyumba yetu ya wageni alitukabidhi ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao, akamweleza mdogo wangu kila bafu na maradhi ambayo wazee husema linatuliza. Wanaume na wanawake wana milango yao, kwa hiyo tukaagana barabarani.

Niliingia kwenye chumba kidogo cha mbao ambamo hapakuwa na kitu ila rafu ya nguo, ndoo, kigoda na birika la kuogea lililojengewa sakafuni. Mwenyeji mmoja, mtu mzima wa miaka sabini hivi, alikuwa amekwisha kuketi pembeni. Huko huingii majini na nguo, wala huingii kabla hujajisafisha. Nilichuchumaa, nikajisugua, nikajimwagia ndoo baada ya ndoo kuanzia miguuni. Mwenyeji alinitazama, akaridhika, kisha akafungua bomba la maji baridi na kuyakoroga maji ya birika kwa ubao mrefu hadi akaona yanafaa. Akanionyesha kwa kidole pembe ambayo joto limepungua. Mdomo wa bomba la maji moto ulikuwa umeota ukoko wa madini wa rangi ya kutu, uliojengeka tabaka juu ya tabaka. Niliingia taratibu, ngozi ikawaka, kisha ikazoea, na uchovu wa mabegani ukaniacha. Hatukuwa na lugha moja, lakini tulikaa hivyo bila haya wala hofu, watu wawili safi katika maji ya kijiji chake.

Asubuhi tulipanda njia ya msituni hadi Jigokudani, bonde la mvuke ambako nyani wa theluji huoga. Hifadhi yao ilifunguliwa mwaka 1964, na mwaka 1970 picha yao kwenye jalada la jarida la Life iliwatangaza duniani. Wageni wengi hupanda reli hii kwa ajili yao tu, na sikuwalaumu nilipomwona mama nyani mmoja amefumba macho majini, mtoto wake amemng'ang'ania kifuani.

Tulirudi Nagano kwa treni ya kawaida ya alasiri, mojawapo ya zile za njia ya Hibiya. Kufika Nakano ilijaa wanafunzi: mifuko ya michezo, vicheko, mmoja amelala ameegemea dirisha. Kwao hii ni treni ya kuwarudisha nyumbani, na kesho asubuhi wataihitaji tena, theluji inyeshe au isinyeshe. Nimeizungumzia Yukemuri kwa mapenzi kwa sababu nimeipenda kweli, lakini nauli ya mgeni kama mimi, anayekuja mara moja na kwenda zake, thamani yake kubwa ni kwamba inasaidia treni ya watoto hawa iendelee kupita. Njia ya Yashiro ilikosa wageni wa kuisaidia, ikafa.

Basi ukifika Nagano usikimbilie basi. Teremka zile ngazi, nunua tiketi, kaa mbele ukiweza. Lala Shibu, nunua matufaha Obuse kwa mkulima mwenyewe. Mafundi wa Suzaka wamekwisha kutimiza wajibu wao juu ya treni zilizotupwa na wenye mali, na wameutimiza vizuri. Sehemu iliyobaki ya kuiweka hai reli ile ni ya abiria.